Mbuyu uliomeza mnyororo Bagamoyo: nataka kuwapeleka watoto na bi mkubwa, na bahari tuione siku hiyohiyo, inawezekana?

Baba Nasra

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada wa mawazo kwa wanaoijua Bagamoyo vizuri, mi nimekaa Dar miaka yote hii lakini kule huwa napita tu nikiwa naelekea Msata.

Iko hivi, mama yangu mzazi yuko kwangu, katokea Makete, na maisha yake yote hajawahi kuiona bahari zaidi ya kwenye tivii. Alafu shule zinafungwa Disemba hii. Nasra yuko darasa la nne, mwalimu wao aliwaonyesha picha ya mbuyu uko Bagamoyo umemeza mnyororo wa chuma, basi tangu siku hiyo kila jioni maswali ni yaleyale, mnyororo uliingiaje, mti una mdomo, mti unaumia, kwanini wasiutoe. Mdogo wake wa miaka mitano yeye kashatangaza kwamba akifika anauvuta utoke. Nikaona bora niwapeleke wote kwa pamoja, bibi aone bahari na wajukuu waone mti wao.

Maswali yangu sasa. Huo mbuyu hasa uko wapi? Jirani anasema uko Kaole kwenye magofu, mwingine kazini ananiambia hapana uko kwa mapadre. Pili bi mkubwa magoti yanamsumbua, anatembelea fimbo, mchanga mlaini hauwezi kwa umbali mrefu, na mi sitaki akae ndani ya gari anatuangalia tu sisi tukifurahi. Tatu, bahari ya kule watoto wanaweza kuingia au ni ya kuangalia? Gari nimeazima kwa shemeji, tutakuwa watu sita na mke wangu na dada wa nyumbani. Nataka tuondoke asubuhi na tusirudi usiku sana. Asanteni.

Mkwere Halisi

Karibu sana mkuu, na bi mkubwa mpe shikamoo yangu. Jirani yako na huyo wa kazini wote wako sawa ila wanazungumzia mibuyu miwili tofauti, na hii inawachanganya watu wengi.

Wa mnyororo uko misheni, kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, ndani ya eneo lenyewe si mbali na mnara wa kanisa la zamani. Misheni ilianzishwa 1868 na mbuyu huo ulipandwa mwaka huohuo, kwahiyo kwa mibuyu bado ni kijana tu lakini ukubwa wake utashangaa. Habari ya mnyororo ni kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Kifaransa anaitwa Madame Chevalier, alikuwa akihudumia wagonjwa Zanzibar alafu akaja huku, akawa anamfunga punda wake kwa mnyororo kwenye ule mti (wengine wanakuambia farasi, sisi nyumbani tumelelewa na punda). Yeye akaondoka mnyororo ukabaki, mti ukaendelea kunenepa, leo kipande kifupi tu ndio kimebaki nje, ukikishika kina kutu na kimekaza kabisa. Kijana wako avute mpaka achoke, hakitoki.

Mbuyu wa Kaole ni mwingine, uko kwenye magofu kama kilomita tano kabla ya kuingia mjini ukitokea Dar, unakata kulia. Huo ndio mkongwe, wanaukadiria miaka mia tano na zaidi, na waongozaji watakwambia ukiuzunguka unaongeza umri. Utaona mama yako atakavyozunguka na fimbo yake, wazee wengi nimewaona wanazunguka na wanacheka kweli. Pale kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmoja ni wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Kuna kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanakwenda kuomba dua kwahiyo wafundishe watoto wasipande juu ya makaburi na wasipige kelele. Kuna kisima pia, maji yake matamu ingawa bahari iko hapohapo, na chumba cha makumbusho chenye vigae vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa pale, hapo ndio unaelewa kwamba babu zetu walikuwa wanafanya biashara na watu wa mbali kabla hata ya hao wakoloni tunaosomeshwa kila siku.

Kitu kimoja cha kumuonyesha Nasra pale Kaole: zamani ilikuwa bandari. Majahazi yalifika. Sasa hivi ukitazama upande wa bahari unaona mikoko tu, matope yamejaa na mikoko ikasogea mbele, bahari imekwenda mbali. Mwambie asimame penye mbuyu aangalie, mti umebaki palepale bandari ndio imehama.

Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti, beba kitambulisho. Na risiti udai.

Mvuvi wa Dunda

Mkwere kamaliza ya miti, mi niseme ya maji maana hapa ndipo watu wa Dar wanapoharibu safari. Wanakuja Jumamosi yoyote saa nne asubuhi, wanakuta bahari iko kule mbali kabisa, mbele yao ni tope na mchanga na ngalawa zimelala ubavu, wanapiga picha mbili wanakasirika wanarudi wanasema Bagamoyo hakuna bichi. Bahari ipo, ila umekuja saa ambayo haipo nyumbani.

Pwani yetu ni tambarare, haina mteremko, kwahiyo maji yakikupwa yanakwenda mbali sana hasa siku za bamvua. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake ndio inakuwa kali zaidi. Siku yenyewe ya mwandamo au mpevu huku kwetu maji yanakupwa mnamo saa nne asubuhi, na yanajaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata unasogeza mbele kama dakika hamsini. Ukishajua mwezi uko wapi umeshajua bahari iko wapi, hauhitaji kumpigia mtu simu. Katikati ya hapo mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, na saa zinageuka, asubuhi ndio yanajaa.

Sasa kwa mama yako mwenye magoti, mi nakushauri uje siku za bamvua na bahari umpeleke JIONI, usimpeleke asubuhi. Kwanini? Asubuhi yakikupwa inabidi atembee mchanga na tope mpaka akayafate maji, hawezi. Jioni maji yanamfata yeye. Unamuwekea kiti pale juu mchanga ulipo mgumu, chini ya kivuli, maji yanakuja polepole mpaka miguuni kwake, wala hana haja ya kunyanyuka. Nimeona wazee wa bara wengi wanafanyiwa hivi na familia zao na wanakaa hapo mpaka maghrib hawataki kuondoka.

Watoto waje mapema kidogo maji yakiwa bado nje, wataona kaa, wataona konokono, wataona kina mama wanaokota chaza. Ila sikiliza hii vizuri: maji yakianza kurudi kwenye tambarare hayaji kwa mstari mmoja, yanapita kwenye vijito vya chini kwanza, mtoto anaweza kuwa amesimama kwenye fungu la mchanga mkavu anacheza na nyuma yake kumeshajaa. Mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwaangalia tu, asishike simu.

Chaupele

Mi naomba nitofautiane na wenzangu kidogo. Mkuu kama shida yako ni watoto waogelee, Bagamoyo sio pale. Maji ni ya udongo, rangi ya chai ya maziwa, Mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini na mvua za vuli Disemba ndio kabisa. Pembeni ya soko la samaki ndio usithubutu, kuna mafuta ya maboti, kuna utumbo wa samaki, vipande vya nyavu. Ungewapeleka Kigamboni maji meupe, alafu Bagamoyo mkaenda siku nyingine kwa ajili ya miti na historia.

Na kingine, kuna sehemu ya kula tulipitia na familia, sitaitaja, tuliagiza samaki kwa bei moja bili ikaja nyingine, ugomvi mpaka wifi yangu analia. Bei kubaliana kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, na umuone huyo samaki mwenyewe kwa macho.

Mvuvi wa Dunda

Kaka Chaupele la bili uko sahihi na pole sana. La rangi ya maji pia sikatai, ni udongo wa Ruvu. Lakini udongo sio uchafu, ni huohuo unaolisha kamba tunaowauza kwenu mjini na ndio unaoshika mikoko isimame. Pembeni ya soko hata sisi watoto wetu hatuwaachi wakaoge. Sogea upande wa kaskazini, kule usawa wa misheni, ukifuata ile njia ya miembe inayoshuka kutoka kwa mapadre unatokea baharini kwenye msalaba. Hapo pametulia na mchanga ni mzuri. Kwa mtoto wa miaka mitano maji ya kiunoni yanamtosha, anataka nini zaidi.

Mwalimu Salome

Habari zenu. Mi nafundisha baiolojia na nimefurahi sana kuona mtoto wa darasa la nne anauliza maswali haya, tafadhali usimjibu "ni maajabu ya Mungu" ukaishia hapo, Mungu ndio ila mwonyeshe na namna.

Mwambie hivi. Mti unarefuka kwenye ncha tu, ncha za matawi na ncha za mizizi. Shina lenyewe halipandi juu, linanenepa tu kwenda nje, kwa sababu chini ya gome kuna tabaka jembamba lililo hai ambalo kila msimu linatengeneza mbao mpya. Kwahiyo mnyororo haujapanda wala kushuka, uko kimo kilekile alipoufunga yule mama, ni shina ndio limetoka nje likaukuta mnyororo uko njiani. Mti hauwezi kusukuma chuma, na hauwezi kukizunguka kwa mbali, basi pale gome linapobanwa linavimba juu na chini ya chuma kama midomo miwili, midomo inakua mpaka inakutana, chuma kinabaki ndani. Akifika aangalie pale mnyororo unapoingilia, ataona huo uvimbe wenyewe na akiweka kidole atausikia. Kwahiyo swali lake la mdomo sio la kitoto hata kidogo.

Mbuyu hasa unaweza hili kirahisi kuliko miti mingi, mbao yake ni laini ina maji mengi na gome lake likichunwa linarudi. Watu tangu zamani wanachuna gome la mbuyu kusokota kamba na mti unaishi. Mwembe ukiuchuna hivyo kuzunguka shina lote unakufa.

Kuhusu umri, mibuyu mingi haina zile duara za kuhesabu vizuri ndani ya shina, na mikongwe mara nyingi ina uwazi katikati, ndio maana utasikia makadirio tofauti tofauti ya ule wa Kaole. Usigombane na muongozaji.

Disemba ni wakati mzuri. Ungeenda Agosti ungekuta imepukutika yote, matawi matupu utadhani imekufa. Disemba ina majani, na mkiwa na bahati mtakuta maua, meupe makubwa yananing'inia kichwa chini. Yanafunguka jioni na popo ndio wanayachavusha usiku, kesho yake yameshanyauka yako chini. Waokote la chini walipasue waone ndani, wasichume la juu.

Na ombi langu kwenu nyote mnaosoma hapa, tusichonge majina kwenye mibuyu. Nimekwenda na wanafunzi Kaole nikakuta mtu kachimba jina lake na la mchumba wake na mwaka, herufi kubwa kama za bango. Nimesema gome linarudi, ni kweli, lakini kila jeraha ni mlango wa ukungu na wadudu, na mti uliokaa hapo miaka yote hiyo haukukaa ili uandikwe. Kule kusini mwa Afrika mibuyu kadhaa ya zamani kuliko yote imekufa miaka ya karibuni na wanasayansi wanahisi ni mabadiliko ya hali ya hewa. Hii ya kwetu tuitunze tuwe nayo. Inaniuma sana hii.

Mama Jafari

Mi nlimpeleka mama mkwe wangu mwaka jana naye alikuwa wa fimbo, nikuongezee ya kwetu wanawake maana naona wanaume mnaongea mwezi na maji tu. Pale misheni panapitika, njia ni ngumu sio mchanga, kuna vivuli vya miembe kila mahali. Muegeshe gari karibu. Makumbusho yao iko kwenye jengo la zamani la masista, muulize mapema kama kuna ngazi kabla hujamuingiza, kama kuna ngazi na hawezi basi akae nje chini ya mti na mtu mmoja, msimuache peke yake. Kaole ni pa wazi, jua kali na ardhi haiko sawa, kwahiyo Kaole nenda asubuhi sana kabla ya jua kupanda.

Vyoo tumieni vya misheni kabla hamjashuka baharini. Chukua kiti cha plastiki cha nyumbani, usitegemee cha kukodi. Kanga mbili za ziada kwa bibi maana akishaona maji atataka kuingia hata akisema hataki, na soksi asivae. Watoto viatu vya raba vya kufunga, magamba ya chaza yanakata kama wembe.

Na mkiwa misheni muelezeni bibi ya Livingstone, yule mmisionari wa Kizungu, wazee wanaipenda sana hii, kwamba watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walimbeba maiti kutoka huko Zambia kwa miguu karibu miezi tisa, wakamfikisha hapohapo Februari 1874, akalazwa kwenye kanisa lile ndio akavushwa Zanzibar. Mama mkwe wangu alisimama pale akauliza hao waliombeba walikula nini njia nzima, swali ambalo muongozaji mwenyewe alisema hajawahi kuulizwa.

Baba Nasra

Jamani nimewasoma wote nimekosa la kusema, Mungu awabariki. Mwalimu Salome nimemsomea Nasra maelezo yako neno kwa neno, kanyamaza kidogo alafu kasema basi mti haujameza, umekumbatia. Sasa ameanza kuzunguka nyumba kuangalia misumari kwenye mwarobaini wetu kama imeanza kuingia ndani.

Chaupele nimekuelewa kaka, kuogelea kwenyewe tutaenda Kigamboni wakati mwingine, hii safari ni ya bibi na mti. Nimeangalia kalenda, mwezi unapevuka Alhamisi, na mi nafasi nayopata ni Jumamosi yake. Mvuvi ukinipangia siku nzima utakuwa umenisaidia sana, na kama kuna foleni niijue. Alafu ubuyu wenyewe wa kula tutaupata pale chini ya mti?

Mvuvi wa Dunda

Jumamosi hiyo umepatia mkuu. Mpevu Alhamisi, kwahiyo Jumamosi maji yanakupwa karibu saa tano na nusu asubuhi na yanajaa saa kumi na moja na nusu jioni.

Tokeni nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, shida ya njia ni Mwenge mpaka Bunju, ukishapita Bunju unaserereka tu, Mapinga, Kerege, Zinga. Anzeni Kaole kwenye saa mbili jua likiwa bado dogo, kama alivyosema Mama Jafari. Saa nne muwe misheni, mnyororo, mnara, makumbusho, msiwakimbize watoto pale, mwacheni Nasra akae na mti wake hata nusu saa, ndio alichokifuata. Saa sita watu wazima wawili wawashushe watoto ufukweni wakaone kaa maji yakiwa nje, bibi abaki chini ya miembe apumzike. Saa saba mle. Saa tisa na nusu muwekeni bibi kiti chake karibu na msalaba, kuanzia saa kumi mtaona maji yanasogea, saa kumi na moja yako miguuni. Mkiondoka magharibi saa mbili na nusu au tatu mko nyumbani, kurudi jioni ya Jumamosi gari nyingi zinatoka mjini wewe unaingia.

Ubuyu wa mti wa misheni usiokote bila kuomba, ni eneo la watu. Mjini unauzwa, ule wa rangi na sukari upo kila duka, lakini mwambie muuzaji unataka mabuyu mazima, watoto wayapasue wenyewe waone unga ulivyoshika mbegu ndani na nyuzi nyekundu.

Chakula, nenda sokoni kwa miguu ukamchague samaki wako mwenyewe, kina mama wanaokaanga wako hapohapo, bei mnakubaliana mbele ya kikaango. Na kwakuwa bi mkubwa ni mtu wa Makete, atapenda zaidi wa kuchemsha na ndimu na pilipili, muagizie mapema kabla ya saa sita, baada ya hapo mtaambiwa wamebaki wa kukaanga tu.